Maswali ya Wasomaji: Matumbawe Sugu na Ugomvi wa Usiku

Katika toleo lililopita niliwatajia wasomaji matumbawe ambayo mfugaji anayeanza anaweza kuyatunza nyumbani katika tangi la maji ya bahari bila kuyatoa humo yakiwa mifupa mitupu baada ya mwezi mmoja. Niliyasifu kwa uvumilivu, nikasahau kueleza tabia yake. Barua zilizofika kutoka Mtwara, Lindi na Kilwa zinanikumbusha kosa hilo kwa adabu, kwa maana karibu zote zinasimulia kisa kimoja: tumbawe lililosifiwa li hai na limenenepa, ila jirani yake ndiye aliyekufa. Nimechagua barua nne, na ya kwanza nitaijibu kwa urefu kwa sababu imebeba mzigo wa nyingine.

SWALI: Shikamoo mshauri. Nina tangi la lita 300, lenye urefu wa sentimita 120, ambalo nimelitunza hapa Shangani kwa mwaka mmoja na miezi miwili. Maji nayateka baharini wakati wa bamvu, bahari ikiwa imejaa, na vipande vya matumbawe nilipewa na mfugaji wa Dar es Salaam anayeyazalisha kwenye matangi yake. Tumbawe liitwalo Galaxea limestawi mno, kutoka ukubwa wa kisoda hadi ukubwa wa kiganja. Lakini tumbawe jingine, Euphyllia, iliyo upande wake wa kulia, umbali wa kama sentimita 12, imekuwa nyeupe upande mmoja, na kila asubuhi naona weupe umeongezeka kidogo. Nimepima chumvi, alkali, kalsiamu na naitreti, na vyote viko sawa. Huu ni ugonjwa gani, na nitumie dawa gani? (M.S., Shangani, Mtwara)

JIBU: Marahaba, na hongera kwa kupima maji kabla ya kuuliza, kwani wengi huanza na dawa. Wewe usinunue dawa yoyote. Ugonjwa wa matumbawe kwa kawaida hauchagui upande. Huanzia shinani, au mahali popote penye jeraha, ukazunguka. Jeraha linalomwelekea jirani mmoja tu, na ambalo huongezeka kati ya jioni na asubuhi, ni la kuchomwa. Galaxea yako inaichoma Euphyllia kila siku taa zinapozimwa.

Hakikisha kwa macho yako mwenyewe. Leo usiku zima taa, subiri kama saa mbili, kisha funga tochi kwa kipande cha plastiki nyekundu, kwa kuwa mwanga mweupe humfanya mnyama huyu ajikunyate upesi, na umulike pembeni mwa tumbawe badala ya juu yake. Mimi niliyaona mambo haya kwa bahati tu. Umeme ulikatika saa saba za usiku hapa nyumbani Mikindani, nikaamka kuwasha pampu ya hewa ya betri, na mkondo wa maji ulikuwa umesimama kabisa. Kutoka kwenye Galaxea yangu, ambayo mchana huonekana kama shada la maua mafupi ya kijani yenye ncha nyeupe, zilikuwa zimening'inia nyuzi kumi au kumi na mbili, nyembamba na angavu kama mishipi ya mvuvi aliyetia nanga, kila uzi ukiwa na kitone cheupe nchani. Mmoja ulikuwa umelala juu ya tumbawe la ubongo lililokuwa umbali wa shubiri nzima. Pampu ilipoanza kutoa mapovu na maji yakatikisika, uzi ule ulivutika, ukang'ang'ania, kisha ukaachia na kuondoka na utelezi wa nyama. Kwa miezi mitatu nilikuwa nikimlaumu aliyeniuzia chumvi.

Nyuzi zile ni minyiri, kama tunavyosema minyiri ya pweza. Galaxea inayo ya aina mbili. Ile mifupi ni ya kukamatia chakula. Ile mirefu, ambayo wafugaji huiita minyiri ya kufagia, huota na kurefuka kwa siku na wiki kadhaa tumbawe likishahisi kwamba kuna mwingine karibu, na kitone cheupe cha nchani ni ghala la vijishale vya sumu ambavyo hufyatuka vikiguswa. Inaweza kufika sentimita 20 na kupita, na kwa kuwa haina nguvu ya kuogelea, huelekea kule mkondo unakoipeleka. Sentimita 12 ulizoacha hazikutosha hata kidogo, na ninashuku kwamba pampu yako iko kushoto, inapuliza kuelekea kulia.

Wewe ni mtu wa Mtwara, basi mfano wa mkorosho utakufaa. Anayepanda miche kwa nafasi ya mita 12 kwa 12 huchekwa na mgeni anayeona shamba tupu, lakini mwenye shamba amepima matawi ya mkorosho mzima, hakupima mche. Tangini nako usipime tumbawe la mchana. Pima mnyiri wa usiku, kisha ongeza ukuaji wa mwaka mzima, ndipo ugundishe jiwe.

Wala minyiri si silaha pekee. Mwaka 1971 mtafiti Judith Lang, aliyefanya kazi Jamaika, alieleza habari ya matumbawe ya jenasi ya Scolymia ambayo wataalamu wengi walikuwa wakiyahesabu kuwa spishi moja. Matumbawe yenyewe ndiyo yaliyotoa ushahidi: yakiwekwa bega kwa bega, moja lilitoa nyuzi za tumboni mwake, likazitandaza juu ya mwenzake na kummeng'enya pale pale, nje ya mwili, ilhali yale ya spishi moja hayakufanyiana hivyo. Hydnophora, ambayo wauzaji huisifu kwa ugumu wake, ni hodari wa silaha hiyo hiyo, na ndiyo maana mimi siiweki kabisa katika tangi lililo chini ya lita 400, hata ikiwa nzuri kiasi gani.

Huenda ukauliza kwa nini yaliyo sugu ndiyo makali. Mwambani nafasi ni chache kuliko chakula. Acropora yenye matawi hurefuka sentimita kadhaa kwa mwaka, ikamfunika jirani yake na kumnyima jua ambalo mwani wa hadubini uliomo ndani ya nyama yake unalihitaji. Tumbawe linalokua polepole haliwezi kushinda mbio hizo, hivyo hubaki kwa kuwaondoa wanaolikaribia. Galaxea huishi hata kwenye maji ya pwani yenye tope jepesi, ambako matumbawe mengi ya urembo hayadumu, na uwezo huo wa kukaa mahali pabaya kwa miaka mingi hauna faida kama kila anayepita anaweza kuota juu ya kichwa chako. Ukinunua uvumilivu wake, umenunua na ukali wake.

Sasa kazi. Leo hii, kabla ya taa kuzimwa, iondoe Euphyllia, kwa kuwa ndiye mgonjwa na ndiye anayebebeka. Iweke upande ule ambako maji yanatoka kwenye pampu, penye mwanga wa wastani na mkondo mpole, nayo Galaxea ibaki kule mwisho maji yanakoishia, ili minyiri yake ipeperukie kwenye kioo badala ya kwenye mwili wa mtu. Acha sentimita 25 kati yake na yeyote. Usikate minyiri kwa mkasi kama wengine wanavyofanya. Huota tena, na kidonda ni chako cha kutunza.

Mfupa uliokwisha kuwa mweupe hautarudi kuwa na nyama kwa haraka, na mwani utaota juu yake, jambo ambalo halina madhara makubwa. Ukiona baada ya siku kumi nyama bado inarudi nyuma, au ukiona ute wa kahawia kama uji ulioungua, basi uvute ute huo kwa mpira mwembamba, na kama Euphyllia yako ni ya matawi, toa tawi lenye ute nje ya tangi kabla halijaambukiza mengine. Mlishe aliyebaki vipande vidogo vya kamba mbichi asiyetiwa chumvi, mara mbili kwa wiki, ukizima pampu kwa dakika kumi. Vipimo vya maji usivichezee: chumvi ya sehemu 35 kwa elfu, joto kati ya nyuzi 25 na 27, alkali ya digrii 8 hadi 9, kalsiamu ya miligramu 400 hadi 450 kwa lita. Umesema viko sawa, viache.

Galaxea ya ukubwa wa kiganja nayo inakuomba uipunguze. Vikombe vyake vya mfupa vimeshikamana kwa sehemu laini inayovunjika kirahisi, hivyo bisibisi bapa na kigongo kidogo vinatosha. Fanya kazi hiyo ndani ya beseni lenye maji ya tangi, umevaa glavu na miwani, ukipitisha bisibisi kati ya kikombe na kikombe. Utapata vipande vitano au sita bila shida, na kila kimoja kitapona ndani ya wiki chache.

Neno moja kuhusu Euphyllia, ili usidhani umemhifadhi mnyonge. Euphyllia glabrescens, ile yenye minyiri mirefu yenye ncha za mviringo inayopepea kama nywele, nayo huchoma, tena huchoma hata ndugu zake. Wafugaji walijua siku nyingi kwamba yenye ncha za nyundo na yenye ncha zilizogawanyika hukaa pamoja kwa amani wakati glabrescens haielewani na yeyote kati yao. Baadaye wanasayansi wakaziweka zile mbili katika jenasi nyingine, Fimbriaphyllia. Nilifurahi kidogo kusikia hivyo.

SWALI: Ndugu mshauri, salamu kutoka Lindi. Nilisoma makala yako nikachagua matumbawe laini tu, nikijua hayana minyiri ya kufagia: Sarcophyton mbili kubwa na Xenia, katika tangi la lita 180. Mwezi uliopita niliongeza kipande kidogo cha Acropora, tumbawe la mawe, upande wa pili kabisa, sentimita 60 kutoka kwa wenzake. Hakijaguswa na chochote, lakini polipu zake, yaani vile vinyama vidogo vyenye minyiri, hazifunguki na rangi inafifia. Halafu Sarcophyton moja imejikunja siku ya sita leo, ina ngozi inayong'aa kama nta. Je, vyote vinakufa? (H.A., Lindi)

JIBU: Sarcophyton haifi. Inajivua. Kila baada ya muda hujifunga, ikatengeneza utando wa nta juu ya mwili, kisha utando huo hubanduka pamoja na mwani na takataka zilizoota juu yake, nayo hufunguka ikiwa nzuri kuliko kabla. Ielekezee mkondo wa maji ili utando uondoke, na usiikwangue kwa ukucha, maana najua mkono unawasha.

Acropora ndiyo yenye shida, na umbali wa sentimita 60 hauisaidii. Matumbawe laini ya ukoo wa Sarcophyton hupigana kwa kemikali: huachia majini viambata viitwavyo terpeni, ambavyo huzuia ukuaji wa matumbawe ya mawe na vinaweza kuyaua. Katika bahari ya Lindi maji hupwa na kujaa mara mbili kila siku, na sumu hiyo huchukuliwa kabla haijawa nyingi. Ndani ya lita 180 hakuna kupwa wala kujaa, yale yale yanazunguka, na hao wawili wakubwa wamekuwa wakiyatia dawa yao tangu siku ya kwanza.

Njia ya kupunguza makali ni makaa amilifu ya kuchujia, yale yanayouzwa kwa ajili ya matangi. Tafadhali, si mkaa wa jikoni. Kwa tangi lako kikombe kimoja cha chai kinatosha, kikioshwa vizuri na kutiwa kwenye mfuko wa wavu mahali maji yanapopita kwa nguvu, na kibadilishwe kila baada ya wiki tatu, kwa sababu makaa yakishashiba hayachukui kitu tena. Badilisha pia asilimia 10 hadi 15 ya maji kila wiki. Kama una kichujio cha povu, kisafishe kikombe chake mara kwa mara. Ukitaka kukata Sarcophyton, ikate nje, uisuuze, ndipo uirudishe, kwani hakuna wakati inapotoa sumu nyingi kama inapojeruhiwa.

Lakini ukiniuliza ningefanya nini mimi, ningemtafutia Acropora makao mengine. Tangi dogo haliwezi kuwa la wote, na hao wa laini walitangulia. Kuhusu Xenia, ambayo hujaiulizia lakini utaiulizia baada ya miezi sita: iweke kwenye jiwe la peke yake lililozungukwa na mchanga kila upande, angalau sentimita 10, kwa maana hutembea juu ya mwamba wowote inaougusa, na ikishaingia katikati ya matumbawe mengine utaibandua mpaka uchoke.

SWALI: Shikamoo mshauri. Palythoa za kahawia, wale jamaa wa matumbawe, zimefunika nusu ya mwamba wangu na zinawameza wengine. Jirani ameniambia nitoe jiwe, nilimwagie maji ya moto jikoni, kisha nilisugue kwa brashi. Naweza kuanza Jumamosi? (R.K., Kilwa Masoko)

JIBU: Marahaba. Usianze Jumamosi wala siku nyingine yoyote, na umwambie jirani huyo aache kutoa ushauri huo kwa watu wenye watoto nyumbani.

Katika Palythoa nyingi mna palitoksini, mojawapo ya sumu kali kabisa zinazojulikana katika viumbe wa baharini, ambayo wanakemia waliitenga kutoka kwa Palythoa za Hawaii mwaka 1971. Maji ya moto hayaiharibu kwa namna ya kukusaidia wewe. Yanairusha hewani pamoja na mvuke, nawe ukaivuta. Kusugua kwa brashi huirusha usoni na kuiingiza kwenye michubuko ya vidole. Uingereza, mwaka 2018, familia moja ilipelekwa hospitali baada ya mtu mmoja kusafisha matumbawe ya tangi nyumbani. Dalili zake ni kukohoa, kifua kubana, homa, ladha ya chuma mdomoni, misuli kuuma, na macho kuwa mekundu na kuchoma. Zikimpata mtu aliyeshika matumbawe, atoke nje aende penye hewa safi, asuuze macho na ngozi kwa maji mengi safi, aende hospitali mara moja na amweleze daktari waziwazi kwamba ameshika Palythoa, kwa sababu daktari asiyeambiwa atadhani ni malaria au mafua.

Kazi yenyewe inawezekana kwa utulivu. Vaa glavu nene ndefu na miwani inayofunika macho pande zote, fungua madirisha, watoto na wanyama wakae nje. Ukiweza kulitoa jiwe, lihamishe lote, likiwa ndani ya maji, kwenye chombo cha peke yake. Usiwashe moto, usitie dawa ya kusafishia vyoo, usiliache likauke juani uani ambako kuku watalidonoa. Kama jiwe halitoki, acha Palythoa zilipo na uhamishe wale wanaomezwa. Mimi ningechagua hilo la pili. Palythoa inayoachwa kwenye kona yake si adui mkubwa, na mwamba mmoja uliopotea haulingani na mapafu yako.

SWALI: Mshauri, kaka yangu huzamia Msimbati na anasema Galaxea ziko nyingi kule. Kuna ubaya gani akinichukulia moja kwa ajili ya tangi langu jipya, badala ya kusubiri kipande cha mfugaji? (S., Mtwara)

JIBU: Ubaya upo, na wa kwanza ni wa kisheria. Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000 chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya mwaka 1994, na kaka yako akikutwa na tumbawe hai mkononi atakuwa na maelezo marefu ya kutoa. Hata nje ya hifadhi, usiguse kitu bila kwanza kumwona ofisa uvuvi wa wilaya. Ubaya wa pili ni wa miamba yenyewe, ambayo wazee wa Mikindani wanaikumbuka ilipong'olewa kwa ajili ya tanuri za chokaa na kupigwa baruti, kisha ikapata joto la mwaka 1998 lililoyafanya matumbawe ya pwani yetu kuwa meupe. Wa tatu ni wa tangi lako. Tumbawe lililong'olewa mwambani huja na konokono, minyoo na majeraha ambayo kipande cha tangini hakina, na mara nyingi hufa hata likiwa la aina sugu.

Subiri wiki sita. Kama M.S. wa Shangani atatumia bisibisi nilivyomweleza, atabaki na vipande vitano asivyo na pa kuviweka, na nimekwisha kumwandikia kumwomba akuwekee kimoja. Wewe tafuta jiwe bapa la kukigundishia, na uliweke mwisho wa mkondo.